Kwa mnaoanza kuwasoma wanateolojia wa Mtaguso

Ninyi mnaoanza kusoma teolojia ya karne ya 20 mtakabidhiwa majina mengi kwa wiki moja: Congar, de Lubac, Rahner, Murray. Nami nilikabidhiwa hivyohivyo, hapa Iringa, katika baridi ya Julai ambayo humfanya mtu asome amejifunika blanketi, na katika insha yangu ya kwanza nikaandika kwamba watu hawa walijitokeza baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ili kueneza mambo mapya. Padre aliyetufundisha hakufuta kitu. Aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, neno moja tu: “Tarehe?”

Mtaguso ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, ukafungwa tarehe 8 Desemba 1965. Yves Congar, Mdominiko wa Ufaransa, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya mageuzi ya kweli na ya uongo katika Kanisa mwaka 1950, na mwaka 1954 akaondolewa kwenye ualimu na kupelekwa mbali na nyumba yake. Henri de Lubac, Mjesuiti, alisimamishwa kufundisha Lyon mwaka uleule wa 1950. John Courtney Murray, Mjesuiti wa Marekani, alinyamazishwa katika muongo huo kuhusu Kanisa na serikali, kisha akawa mmoja wa walioandaa tamko juu ya uhuru wa dini lililotangazwa tarehe 7 Desemba 1965. Kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto andika mwaka ambao mtu alizuiwa, kulia mwaka ambao wazo lake lilitokea katika hati ya Mtaguso. Ukurasa huo mmoja ulinifaa kuliko muhtasari wa muhula mzima.

Jambo la pili ni kwamba wengi wao hawakuanza na mapya. Mwaka 1942, vita vikiendelea, de Lubac na Jean Daniélou walianzisha mfululizo wa kuchapisha maandishi ya mababa wa Kanisa, yaani walimu wa imani wa karne zake za mwanzo, kwa sababu waliona kwamba teolojia ya vitabu vya seminari ya wakati huo ilikuwa imekauka na ilihitaji kurudishwa kwenye chemchemi zake. Congar naye, alipoeleza masharti ya mageuzi yasiyozaa mfarakano, alitaja upendo, kubaki katika ushirika na Kanisa zima, uvumilivu, na kurudi kwenye mapokeo. Huo uvumilivu aliulipia mwenyewe. Alifanywa kardinali mwaka 1994, akiwa mzee mgonjwa, miezi michache kabla ya kufa.

Sasa fungueni hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, ya tarehe 21 Novemba 1964, na msikimbilie maneno yake kabla ya kutazama mpangilio wa sura. Katika rasimu, habari za uongozi wa Kanisa zilitangulia habari za Taifa la Mungu. Katika hati iliyopitishwa, Taifa la Mungu ni sura ya pili na uongozi ni sura ya tatu, yaani askofu, padre na mlei wanatajwa kwanza kama wabatizwa, kabla ya kutofautishwa kwa madaraka. (Neno “taifa” lina kasoro yake, maana masikioni mwetu linaleta bendera na wimbo, mkifundisha, semeni pia “watu wa Mungu”.) Mimi niliielewa sura hiyo nje ya darasa, kwenye jumuiya ndogo ndogo yetu ya Ipogolo, jioni ambayo padre alifika akakuta sala imeshaanza. Mama mwenyekiti, muuza mboga, hakusimamisha kitu: alimwonyesha padre nafasi kwenye mkeka, akamalizia somo la Injili, akauliza kila mmoja limemgusa wapi, na padre akajibu zamu yake ilipofika.

Karl Rahner, Mjesuiti wa Ujerumani, mwacheni mwishoni. Sentensi zake ni kama kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la mbao, na anayeanza naye huishia kunukuu asichokielewa. Mkimtanguliza Congar, kisha de Lubac, mtamfikia Rahner mkiwa tayari mnajua alikuwa anajibu swali gani.