Re: Tamthilia ya madaraka kwa kikundi cha Kirumba

Ndugu, umeuliza tamthilia gani ya zamani kuhusu madaraka inawafaa vijana wenu hapo Kirumba, Mwanza. Chezeni Juliasi Kaizari ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Siyo yote, ni ndefu mno. Chukueni hotuba za msibani tu: Brutus, mmoja wa wauaji, anaeleza kwa nini wamemuua Kaizari, mtawala wa Roma, umati unamshangilia. Kisha anapanda Antony, rafiki wa marehemu, anaonyesha joho la Kaizari lililotobolewa na visu, anasoma wosia wa Kaizari, na watu walewale wanaondoka kwenda kuchoma nyumba za wauaji! Waigizaji wa umati wakae katikati ya watazamaji. Watu wa Mwaloni, pale soko la samaki, nawajua, watadakia wenyewe. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) nayo nzuri, ila inataka mazoezi zaidi.