Kwa nini Kenya wana duru ya pili na sisi hatuna

Kaka, umeuliza kwa nini ukitoka Tanzania ukavuka mpaka wa Namanga tu kanuni ya kumpata rais inabadilika. Kenya, katiba yao ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, tena na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. Sisi huku, anayeongoza kashinda, hata kama hakufika nusu. Ila 1995 sharti la nusu lilikuwepo. Liliondolewa kwenye katiba mwaka 2000, na mimi naona tulipoteza kitu hapo.