Una milioni 3 na unataka kuingia kwenye kazi ya sherehe? Usinunue viti, ijue kamati kwanza

Mdogo wangu, umesema una milioni 3 uliyotoa kwenye kikoba, unaishi Dar, watu walikusifia kwa namna ulivyosimamia kicheni pati ya binamu yako, na sasa unauliza ununue tenti na viti vya kukodisha au uanzie wapi ili hii kazi ya kuratibu sherehe ikulipe. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema nunua vifaa, kwamba vifaa havikudanganyi. Mimi nipo kwenye hii kazi tangu 2016 na ni hivyo hivyo vifaa vilivyotaka kunizika, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Nilianzia mapokezi ya ukumbi mmoja pande za Tabata. Kazi yangu ilikuwa kuandika tarehe kwenye daftari, kupokea kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushikilia tarehe, na kuonyesha watu vyoo viko wapi. Miaka mitatu pale mlangoni niliona harusi za kila aina, zilizonyooka na zilizopinda. Ikipinda, mara chache sana shida huwa mapambo. Inapinda saa 11 jioni, mtu wa chakula yuko nje kwenye Kirikuu yake, hashushi hata sufuria moja, anasubiri nusu ya pesa yake iliyobaki, na mhazini wa kamati hapokei simu kwa sababu yuko saluni.

Kwa huku kwetu maharusi si mteja wako. Mteja wako ni kamati. Watu 15 hadi 30, kuna mwenyekiti, katibu, mhazini, mashangazi wawili ambao hawana cheo lakini wasipokubali hakuna kinachokwenda, na kijana mmoja mwenye kelele kwenye kikundi cha WhatsApp. Wanakutana kila wikiendi, wanasoma majina ya walioahidi na waliotoa, na bajeti yao inaandikwa kwa ahadi. Hilo la ahadi uliweke kichwani kabla hujanunua hata kitambaa kimoja. Mtu akisema kwenye kikao "niandikeni laki mbili", katibu anaandika laki mbili, watu wanapiga makofi, na kuanzia dakika hiyo laki mbili zile zinapangiwa matumizi. Mwenyewe yuko zake nyumbani anawaza ada ya mtoto.

Nikupe ya kwangu. Mwaka 2018 nilichukua harusi ya bajeti ya milioni 32. Ahadi zilikuwa milioni 29, nikaona hapa pana usalama. Zikiwa zimebaki wiki mbili, mkononi mwa mhazini kulikuwa na milioni 17. Nikauliza. Mwenyekiti, mzee wa watu mwenye sauti nzuri, akaniambia, "Mwanangu, pesa ya harusi huingia wiki ya mwisho." Hakunidanganya, huwa inaingia kweli. Ila haiingii yote. Ijumaa jioni mtu wa chakula akagoma, na mimi, nikiogopa jina langu lisije likachafuka, nikatoa milioni moja na laki nane yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Harusi ikapendeza mno. Wiki mbili baadaye wakaniita kwenye kikao cha kuvunja kamati. Kama hujawahi kukaa kwenye kile kikao, ndicho kizuri kuliko vyote: nyama choma, bia, kila mtu kafurahi, mhazini anasoma mapato na matumizi. Deni langu likasomwa mwishoni kabisa kama "deni dogo la mratibu, bwana harusi atalimalizia". Makofi. Kamati imevunjwa rasmi. Bwana harusi akanipiga kalenda miezi saba, na siku aliyochoka kunikwepa akaniambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, mimi sikuandikishana na wewe. Uliandikishana na kamati." Na kamati haipo. Huwezi kumdai mtu ambaye ameshavunjwa. Nikala wa chuya.

Tangu siku hiyo mkataba wangu anasaini mwenye shughuli mwenyewe, yaani bwana au bibi harusi, au mzazi kama ni sendofu. Mwenyekiti anasaini kama shahidi tu. Nusu ya ada yangu nalipwa siku ya kuniteua, iliyobaki siku saba kabla ya shughuli. Na pesa ya chakula, ukumbi, mziki na keki haipiti kwangu kabisa: mhazini anamlipa kila mtoa huduma moja kwa moja, mimi natunza jedwali linaloonyesha nani anadai kiasi gani na tarehe gani. Mwanzoni niliona kama najinyima ujiko wa kushika mamilioni. Kumbe ndicho kilichoniletea wateja, maana wanakamati wakishaona mratibu hagusi pesa, ile minong'ono ya "huyu anakula" inakufa.

Hizo siku saba ndizo kazi halisi, na hakuna chuo kinachoifundisha. Naingia kwenye kikao cha mwisho na karatasi moja. Naandika: mkononi kiasi hiki, madeni kiasi hiki, pengo kiasi hiki. Kisha nauliza, "Tunakata nini?" Utasikia ukimya ambao hujawahi kuusikia Dar. Halafu kila mtu anatetea chake. Shangazi hataki ndafu iguswe, kijana hataki matarumbeta yaguswe. Mimi huwa napendekeza waguse idadi ya vichwa kabla ya kitu kingine chochote. Sahani ikiwa elfu 20, ukipunguza wageni 60 umeokoa milioni 1.2, na hapo hujagusa vinywaji. Hakuna mgeni atakayekumbuka kama maua ya meza kuu yalikuwa ya kweli au ya plastiki, ila aliyekosa chakula atalisimulia hilo mpaka wajukuu. Mara mbili nimeshindwa kuwashawishi na mara zote mbili wali uliisha kabla ya meza za mwisho kuitwa.

Sasa turudi kwenye viti vyako. Mwaka 2017 nilikopa nikanunua vitambaa vyeupe vya viti 300 na riboni zake. Mahesabu ya kwenye karatasi yalinoga: kila wikiendi nakodisha, mkopo unajilipa wenyewe. Sasa njoo uone Jumapili asubuhi. Kati ya vitambaa 300, vilivyorudi kwenye viroba ni 270 hivi, thelathini hujui vimekwenda wapi. Vya meza za mbele vina rangi ya midomo, vya nyuma vina mchuzi wa biryani na alama za viatu vya watoto. Vinalowekwa kwenye mapipa matatu, vinafikichwa kimoja kimoja, vinaanikwa. Mwezi wa nne mvua ya masika haikatiki, vinanuka uvundo, unaanika sebuleni, umeme unakatika na pasi iko mkononi. Ukimaliza, Ijumaa mteja mwingine anataka rangi ya pichi. Mwaka uliofuata mji mzima ukahamia kwenye vile viti vya dhahabu visivyovaa kitambaa, vyangu nikavigawa, vingine hadi leo ni mapazia ya jikoni kwa mama.

Sikukatazi kumiliki vifaa milele. Nakwambia mji huu una watu wenye maghala ya viti, tenti, mataa na mazulia, na wana magari na vijana wa kubeba. Milioni 3 haikufikishi popote ukishindana nao, ila hao hao watakukodishia kwa bei ya jumla ukiwapelekea kazi mbili tatu na ukawalipa siku uliyosema. Nunua vile vitu ambavyo ukivikosa saa 2 usiku hakuna duka litakalokusaidia. Mimi natembea na sanduku: nyaya za kuunganishia umeme, gundi ya karatasi, pini, uzi na sindano, mkasi, kiberiti, tochi, dawa ya kichwa, pedi, kisu cha keki cha akiba na bahasha tupu. Kisu cha keki nimewahi kukitumia mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kulipwa. Kuna njia mbili, na watu hawapendi kuizungumzia ya pili. Ya kwanza ni ada ya uratibu inayojulikana: mimi kwa harusi kubwa natoza asilimia 10 ya bajeti, kwa ndogo naweka kiasi maalumu, laki 6 hadi milioni moja, kutegemea vikao na umbali. Ya pili ni cha juu. Mtu wa mapambo anakwambia bei yake milioni 2, wewe unaipeleka kwenye kamati milioni 2 na laki 5. Wengi wanaishi kwa hiyo. Sijifanyi malaika, nilianza nayo. Ila kwenye kamati ya watu 25 hakosekani mtu anayemjua huyo mpambaji, na siku akimpigia simu umekwisha, wewe na kila harusi ya ukoo ule. Siku hizi nikipewa punguzo na mtoa huduma naliandika kwenye jedwali. Wakati mwingine kamati yenyewe inasema chukua nusu.

Na yule mjomba atakayesimama na kusema "mapambo msihangaike, nina mtu wangu", usibishane naye mbele ya kikao. Mwombe mtu wake alete picha za kazi tatu na bei kwa maandishi, kama wengine. Nusu yao hawaleti. Wakileta na wakawa wazuri, umepata mpambaji mpya bure.

Usidhani ni kazi ya kila mwezi. Kalenda yetu inaendeshwa na kanisa na mwezi mwandamo. Kwaresima Wakatoliki na Walutheri wengi hawafungi ndoa, Ramadhani Waislamu nao wanasimamisha shughuli. Zikipishana unapata cha kula kwa upande mmoja. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma, kwa hiyo mji ulikauka wote kwa mpigo mpaka Idi na Pasaka. Januari nayo ni ya ada za shule, michango haitoki. Desemba utakimbia mpaka miguu ivimbe. Pesa ya Desemba ndiyo itakayokulisha mpaka Aprili, usiende kuinunulia simu.

Korona ilipoingia Machi 2020 nilikuwa na shughuli nne mkononi na ada zote nilishazitumia. Watu wakaahirisha, mmoja akataka pesa yake palepale, nikauza friji. Kipengele cha kuahirisha kwenye mkataba wangu kimetokana na friji hiyo.

Kuna anayeshauri uende kwenye shughuli za maofisi: semina, mahafali, uzinduzi. Ni kazi nzuri na haina mashangazi. Lakini utahitaji jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipa kodi (TIN), leseni ya manispaa na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kazi za serikali zinapitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, na malipo unaweza kuyasubiri miezi. Mtaji wa milioni 3 hauwezi kusubiri miezi. TIN na jina la biashara vipate sasa hivi, maofisi yaache kwanza.

Mteja wa kwanza utamtoa wapi? Kwenye vikao. Ingia kamati ya mtu yeyote unayemjua, toa mchango wako hata wa elfu 50, omba ukatibu. Katibu ndiye anayeona kila kitu: nani alichelewa, mtu wa keki alisema nini, pengo lilizibwaje. Ukifanya ukatibu wa harusi mbili utakuwa umejifunza zaidi ya nilivyojifunza kwa vitambaa 300. Harusi ya tatu jitolee kusimamia siku yenyewe tu, toka asubuhi mpaka ukumbi unapofungwa, kwa laki moja na nusu au mbili. Usifanye bure. Ukifanya bure utatumwa soda.

Hesabu yako ningeigawa hivi. Laki 3 za usajili, leseni na kuchapa mikataba. Laki 2 za sanduku nililokutajia. Laki 4 kumlipa mpiga picha mzuri akupigie shughuli zako mbili za kwanza, maana picha za simu za wageni zote zina mgongo wa mtu. Laki 6 za nauli, vocha na michango ya kamati kwa miezi sita. Milioni moja irudishe kwenye kikoba uendelee kukopesheka. Laki 5 zinazobaki usiziguse hata ukiona kitambaa cha bei ya kutupa Kariakoo. Kaa nazo kwenye simu. Hizo ni za saa 3 usiku, soda zimechemka, barafu imeisha, mhazini anacheza kwaito katikati ya ukumbi, na bodaboda anakuuliza, "Dada, nani analipa?"