Barua kwa mwanangu: ile filimbi hukuivuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Unasema ile treni ndogo ya bustanini imerudishiwa kichwa chake cha mvuke, na unauliza kama mjukuu wangu, kwa miaka yake 4, anafaa kupandishwa au asubiri kidogo, maana hushtushwa na kelele. Nami tangu juzi siufikirii umri wake hata. Naifikiria siku ya filimbi.

Ulikuwa na miaka 6. Tulikuwa tumeshazunguka mara mbili, umekaa mbele yangu, tumekipanda kile kibehewa kama watu waliopanda punda, miguu inakaribia kugusa kokoto. Upana wa njia ile ni milimita 184, hauzidi shibiri yangu moja, na bado ilitubeba watu wazima na watoto wetu. Tulipofika kituoni yule mzee dereva aligeuka, uso umejaa masizi, akakuita. Alikuonyesha kibomba cha kioo chembamba kama penseli, maji yanacheza ndani yake. Akakwambia maji yakishuka mno kwenye boila, paa la tanuri linabaki kavu na chuma kinaungua, ndiyo maana jicho lake halikibanduki kioo kile. Kisha akasema, "Haya, shika kamba hii, uvute filimbi."

Mimi nikasema tumechelewa.

Tumechelewa wapi, mwanangu? Mpaka leo sikumbuki. Nilikushika mkono ukanifuata kimya, bila kulia, na hapo ndipo panaponiuma. Ungelia, ningerudi. Safari iliyofuata tulikuta kichwa kile kimeondolewa, boila linatengenezwa, na mahali pake pamewekwa cha betri. Kilikuwa kizuri, sikatai. Kitufe kinabonywa, treni inaondoka. Lakini moto wa makaa huwashwa nusu saa na zaidi kabla abiria wa kwanza hajapanda, na mtu lazima akae nao akingoja. Mvuke hauharakishwi. Nilikwambia hivyo ulipokuwa mdogo ukiruka ruka kwenye foleni, kisha nikawa mimi mwenyewe mwenye haraka.

Pengine najilaumu bure. Baba yako husema mtoto hapungukiwi kitu kwa filimbi moja, na huenda ni kweli, kwa sababu ni wewe uliyebandika ukutani picha ya reli ya Romney, Hythe na Dymchurch ya Uingereza, iliyofunguliwa 1927, ukawa unanisumbua kila usiku: njia yenye upana wa milimita 381 tu, inakwendaje karibu kilomita 22? Basi hamu haikufa. Lakini picha haina joto, mwanangu. Haina ile harufu ya mafuta ya moto na moshi wa makaa iliyokaa kwenye nywele zako mpaka ukakataa kuoga isitoke.

Hizo kelele zinazomtisha mtoto nazijua. Ni valvu ya usalama, mvuke ukizidi hufunguka yenyewe, mvuke ukatoka kwa kishindo. Mwambie mapema, mbebe, simameni mbali kidogo mpaka amalize kushangaa. Wewe pia ulijificha kwenye nguo yangu mara ya kwanza. Ya pili ulikuwa unaisubiri.

Uamuzi ni wenu, wewe na mwenzako. Sipendi kuingilia malezi ya watu. Nilishaandika neno "mpeleke" hapa nikalifuta. Ila mkienda, nendeni asubuhi, wakati dereva bado anapaka mafuta kwenye magurudumu na moto ndio kwanza unashika. Mvuke hauharakishwi. Na dereva akimwita, msiangalie saa.

Jumapili hiyo mimi nina nafasi. Sijasema mnipitie. Nasema nafasi ninayo.

Mama yako