Barua kwa mwanangu anayesoma anatomia bila maabara

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Unasema chuo chenu kinafundisha anatomia na fiziolojia kwa mihadhara na slaidi tupu, hakuna kipindi hata kimoja cha maabara, na rafiki yako wa chuo kingine anakucheka kwamba mtahitimu uuguzi hamjashika hata fuvu la plastiki. Unauliza kama utaweza kuwa muuguzi wa maana hivyo hivyo, au uhame mapema kabla ada haijapotea.

Usihame. Maabara ina faida, sikatai, na chuo kinachoiacha kinawapunja. Ila usiipe sifa kuliko inavyostahili. Maiti iliyohifadhiwa kwa formalini imebadilika rangi, imekakamaa, haina joto wala mapigo. Daktari wa upasuaji hana budi kupita pale kwa sababu kazi yake iko chini ya ngozi. Wewe muda mwingi utakuwa juu ya ngozi, unatafuta kwa vidole kilichoko chini yake. Na ngozi unayo, tena ya mtu aliye hai.

Anza na kifua. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokaribiana, ukishushe taratibu juu ya mfupa wa kidari. Ukifika kama sentimita tano chini utagusa kituta kilichokingama. Ubavu unaoshikana na kidari hapo ni wa pili. Nafasi iliyo chini yake ni ya pili, nawe hesabu ukishuka upande wa kushoto hadi nafasi ya tano, kisha usogee mpaka uwe sambamba na katikati ya mtulinga. Hapo ndipo ncha ya moyo inapogonga. Usipoisikia, lalia ubavu wa kushoto, moyo utasogea karibu na ukuta wa kifua. Fanya hivyo mpaka mkono uende wenyewe gizani, maana iko siku utaambiwa usikilize mapigo hapo kwa dakika nzima kabla ya kumpa mgonjwa digoksini, dawa ya moyo, na mgonjwa atakuwa mnene, na hakuna atakayekuchorea mshale.

Fiziolojia nayo wanafunzi wengi huikariri kama mashairi, ndiyo maana inawatoka baada ya mtihani. Chukua kitambaa, kifunge juu ya kiwiko, kibane kiasi cha kuivimbisha mishipa ya vena, ile inayorudisha damu kwenye moyo, lakini mapigo ya kifundo cha mkono yabaki. Kwenye mshipa ulionyooka utaona vinundu vidogo. Hizo ni valvu, vilango vinavyoipitisha damu upande mmoja tu. Bonyeza mshipa kwa kidole kimoja upande wa chini wa kinundu, halafu kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwikoni mpaka uvuke kinundu, kisha ukiinue hicho cha pili. Kipande kilicho kati ya kidole cha kwanza na kinundu kitabaki bapa. Damu iko juu pale, unaiona, na hairudi. Sasa achia kidole cha kwanza: mshipa unajaa papo hapo, kutoka chini.

Daktari Mwingereza William Harvey alichapisha jaribio hilo mwaka 1628, likiwa sehemu ya hoja yake kwamba damu huzunguka mwilini na kurudi kwenye moyo. Kwa hilo hakuhitaji zaidi ya mkono wa mtu na kitambaa. Ukishaliona kwa macho yako, hutahitaji kukumbushwa kwa nini tunafunga mkono kabla ya kuweka kanula, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, kwa nini tusifunge mpaka mapigo yapotee, na kwa nini kanula wakati mwingine inaingia vizuri kisha inagoma kusonga mbele: huenda imekutana na valvu.

Hesabu na mapigo yako ukiwa umelala, kisha simama ghafla uhesabu tena. Yameongezeka, kwa sababu damu imeshuka miguuni na mwili unahangaika shinikizo lisianguke. Mgonjwa anayeinuka kitandani mara ya kwanza baada ya upasuaji mwili wake unahangaika vivyo hivyo, na wakati mwingine unashindwa. Ndiyo maana tunamkalisha kwanza ukingoni mwa kitanda. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa karibu mililita 70 kwa pigo moja. Zidisha kwa mapigo 70 kwa dakika, unapata karibu lita tano, yaani karibu damu yote aliyo nayo, kila dakika.

Tafuteni wenzako wawili watatu muwe mnapapasana, kwa ridhaa, na kila mmoja aseme kwa sauti anachokigusa. Jifunzeni sindano ya nyonga bila sindano: mwenzako alale kiubavu, kiganja juu ya fundo la paja lake, kidole cha shahada kielekee ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kitanuke kufuata ukingo wa mfupa huo. Sindano huingia katikati ya vidole hivyo viwili, mbali na neva ya siatiki, mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni.

Mkipata moyo wa ng'ombe au kondoo, vaeni glovu mupasue. Chemba ya chini ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia, kwa kuwa moja inasukuma damu mwili mzima na nyingine mapafuni tu. Vutavuta nyuzi nyeupe zinazoshikilia valvu uone zilivyo imara. Mchoro hauwezi kukupa hilo.

Kitakachokupungukia kweli ni hadubini. Tishu ukizijua kwa picha za kitabuni tu utabaki unababaisha, basi omba hata siku moja moja kwenye maabara ya hospitali mtakapokwenda mafunzo ya vitendo.

Jambo la mwisho si la mwili, ni la karatasi. Nenda kwa msajili uulize kama transkripti, hati ya matokeo yako, itaonyesha saa za vitendo za somo hili, na kama baraza la wauguzi linakubali lisipoonyesha. Vyuo vikuu vingine na mabaraza ya nchi za nje huangalia saa hizo mtu anapotaka kujiendeleza au kusajiliwa kwao. Wakikujibu kwa mdomo, omba kwa maandishi, halafu unitumie nakala. Jibu likiwa baya, hapo ndipo tutazungumza habari ya kuhama.

Mama yako