Wikiendi nje ya Mwanza na watoto

Dada, umeuliza pa kwenda Ijumaa hadi Jumapili na watoto wawili, penye milima na jua, mbali na kelele za mji. Bonde la milimani kama la Lushoto huku kwetu hakuna. Huku ni mawe na ziwa. Mimi ningekwenda Ukerewe, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria.

Panda meli Mwanza ushuke Nansio, bandari ya Ukerewe, ni mwendo wa kama masaa matatu hivi, na watoto watafurahia safari kuliko hata kisiwa chenyewe. Ukiwa na gari, zunguka Bunda hadi Kisorya uvuke kwa kivuko mpaka Rugezi upande wa kisiwani, ila hiyo njia ni ndefu, itakula nusu ya Jumamosi. Uliza bandarini siku moja kabla, ratiba hubadilika. Ukifika, kodi baiskeli. Kisiwa kina mihogo, machungwa na watu wasio na haraka. Jioni agiza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, usiwaharakishe wapishi.

Kuogelea ufukweni hapana, hata wenyeji wakikuambia hakuna shida. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Muda ukiwa mfupi, basi kisiwa kidogo cha Saanane: boti dakika chache tu kutoka mjini, unapanda mawe, unaona pimbi, unarudi. Au Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma. Juni hadi Agosti jua ni la uhakika. Aprili beba mwavuli.