Kontena moja, tozo ya orodha mara nne

SWALI: Sisi ni wauzaji wanne wadogo wa kahawa hapa Moshi. Tulipakia kontena moja la kwenda Ujerumani kupitia bandari ya Dar es Salaam, kila mmoja na hati yake ya shehena (hati ya kampuni ya meli inayotaja mzigo, anayeutuma na anayeupokea). Zaidi ya nauli, ankara ina tozo ya usalama mara moja, tozo ya kutuma orodha ya shehena mara nne, na tozo ya marekebisho ya hati. Wakala anasema ni “mambo ya mfumo”. Je, ni halali?

JIBU: Wakala wenu hakusema uongo, ila amewanyima maelezo. Tozo ya usalama hufuata kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika Julai 2004, na kwa kawaida hutozwa kwa kila kontena. Hapo hamna la kubishania.

Kiini cha malalamiko yenu ni orodha ya shehena, yaani taarifa za mzigo zinazotumwa kwa forodha. Tangu 2011 forodha ya Umoja wa Ulaya hutaka taarifa za mzigo wa kontena angalau saa 24 kabla haujapakiwa kwenye meli inayokwenda huko, na Marekani ilitangulia kutekeleza sharti kama hilo mwaka 2003. Sheria hizo zinadai taarifa. Bei ya kuzituma hupangwa na kampuni ya meli, nayo huihesabu kwa hati ya shehena, si kwa kontena, ndiyo maana mkatozwa mara nne. Kama mnunuzi ni mmoja, ombeni hati moja kwa jina la mmoja wenu, kisha mgawane gharama kwa idadi ya magunia. Wanunuzi wakiwa tofauti, njia hiyo haifai.

Marekebisho ndiyo yanayoumiza bure, maana mara nyingi chanzo chake ni jina la mpokeaji lililokosewa au uzito uliokisiwa. Tangu Julai 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa: ama mnalipima likiwa limejaa, ama mnapima magunia, vifungashio na mbao za kutegemeza, kisha mnajumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Magunia 320 ya kilo 60 ni kilo 19,200 za kahawa peke yake, na anayesahau kontena lenyewe hulazimika kusahihisha baadaye kwa malipo. Mwambieni wakala awaletee rasimu ya hati muikague kabla hajaituma.